Kafeini: mwongozo kamili wa kuijua, kuihesabu na kuipangia saa

Anayelalamika kwamba kahawa ya jioni imemkatia usingizi analalamikia kafeini. Anayesema kichwa kinamgonga kwa sababu hajapata chai tangu asubuhi naye anazungumzia kafeini, hata kama hajawahi kulitamka neno lenyewe. Imo pia kwenye soda ya kola, kakao, chokoleti, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya vidonge vya maumivu. Wengi wetu tunaitumia kila siku tangu ujana, lakini ukimuuliza mtu anatumia kiasi gani kwa siku, atakutajia vikombe. Vikombe havisemi kitu, kwa sababu kimoja kinaweza kuwa na kafeini mara tatu ya kingine.

Mwongozo huu unashughulikia mambo mawili: kiasi na saa. Naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya matatizo ambayo watu huyatupia kafeini, kama kukosa usingizi, moyo kudunda, wasiwasi na maumivu ya kichwa, hutokana na kutojua kiasi kinachoingia na saa kinapoingia. Si lazima uache. Ila unapaswa kujua unachokunywa.

Kwanza, kitu chenyewe

Kafeini ni kemikali inayotengenezwa na mimea, hasa kwa kujikinga na wadudu. Ikitengwa inakuwa unga mweupe, mchungu, usio na harufu. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga mwaka 1819 kutoka kwenye buni za kahawa alizopewa na mshairi Goethe. Mwaka 1827 ilitengwa kutoka kwenye majani ya chai ikaitwa theini, kwa kudhaniwa ni kitu kingine. Baadaye ikathibitika kuwa ni ile ile. Hili lina maana hadi leo unaposoma vibandiko: theini, mateini na guaranini yote ni kafeini. Chai haina kichangamsho chake cha pekee kilicho kipole zaidi. Ina kafeini, ila kwa kawaida huwa kidogo kwa kikombe.

Hatua ya 1: Elewa inachofanya ubongoni

Kuanzia unapoamka, ubongo wako unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyoongezeka, na inaponasa kwenye vipokezi vyake, shughuli za ubongo hupungua kasi nawe unaanza kusikia uchovu na usingizi. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini kiasi cha kuweza kuingia kwenye vipokezi hivyo hivyo, lakini haiviamshi. Ni kama mtu aliyekalia kiti kisicho chake: mwenye kiti yupo, amesimama pembeni, hana pa kukaa.

Kwa hiyo kafeini haikuongezei nguvu. Inakuficha uchovu ambao bado upo, na adenosini inaendelea kujikusanya wakati huo wote. Kafeini inapoondoka, adenosini iliyosubiri inanasa kwa wingi, na hapo ndipo mtu husikia uchovu umemwangukia ghafla alasiri. Wengi hulijibu hilo kwa kikombe kingine, kikombe hicho kikala usingizi wa usiku, na asubuhi deni la usingizi likadai kikombe kikubwa zaidi. Mzunguko huo ndio tunaotaka kuukata.

Ukinywa, karibu kafeini yote hufyonzwa na utumbo ndani ya dakika 45 hivi. Wengi huanza kuisikia baada ya robo saa hadi nusu saa. Kisha ini huanza kuivunjavunja, na hapa ndipo pana namba moja ya kushika kuliko zote: kwa mtu mzima mwenye afya, inachukua wastani wa saa 5 kwa nusu ya kafeini kuondoka mwilini. Nasema wastani kwa sababu tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa. Wapo wanaoipunguza nusu kwa saa 2, na wapo wanaohitaji saa 9.

Hatua ya 2: Andika kila kinachoingia kwa siku saba

Kabla ya kubadili lolote, chukua daftari au simu uandike. Usijizuie wala kujirekebisha wiki hiyo. Unataka picha ya kweli. Kila mara andika vitu vinne: umekunywa nini, chombo kina ujazo gani, ilikuwa saa ngapi, na usiku huo ulilala vipi.

Ujazo ndio watu huusahau. Pima kikombe chako mara moja tu: kijaze maji, kisha yamimine kwenye chombo chenye alama za mililita. Majedwali mengi ya kafeini hutumia kikombe cha mililita 240. Ikiwa kikombe chako cha kazini ni cha mililita 400, vikombe vyako viwili ni zaidi ya vitatu vya kwenye jedwali.

Andika pia usivyovidhania. Chokoleti nyeusi ina kafeini. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa kuwa "vya nguvu zaidi" mara nyingi huchanganya paracetamol na kafeini miligramu 65 kwa kila kidonge. Mtu anayemeza viwili mara nne kwa siku, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwenye vingi vya vidonge hivyo, anapata miligramu 520 bila kugusa kahawa wala chai, kisha anashangaa kwa nini halali. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti.

Hatua ya 3: Geuza vikombe kuwa miligramu

Hivi hapa viwango vya kuanzia. Ni makadirio, lakini vinatosha kwa kazi yetu:

- Kahawa ya kuchuja, mililita 240: takriban miligramu 95
- Kahawa ya unga unaoyeyuka, mililita 240: takriban 60
- Espresso moja, mililita 30: takriban 63
- Chai nyeusi, mililita 240: takriban 47
- Chai ya kijani, mililita 240: takriban 28
- Soda ya kola, mililita 355: takriban 34
- Kinywaji cha kuongeza nguvu, kopo la mililita 250: mara nyingi 80
- Kahawa iliyotolewa kafeini, mililita 240: kati ya 2 na 15

Sasa nieleze kwa nini kikombe chako kinaweza kutofautiana sana na namba hizi, maana hapa ndipo kwenye makosa mengi.

Kinachoamua zaidi ni aina ya buni na wingi wake. Arabika ina kafeini karibu asilimia 1.2 ya uzito wake, robusta karibu asilimia 2.2. Gramu 10 za unga wa arabika zina takriban miligramu 120 za kafeini, na gramu 10 hizo hizo za robusta zina takriban 220. Maji ya moto huchota sehemu kubwa ya hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kubadili pakiti tu, akatumia kijiko kile kile na kikombe kile kile, na kafeini yake ikakaribia mara mbili. Kama moyo umeanza kudunda tangu ulipobadili kahawa, angalia kwanza kama pakiti mpya ni ya robusta au mchanganyiko wenye robusta nyingi.

Kinachodanganya ni rangi na ladha. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ina ladha kali zaidi, lakini moto wa kukaangia hauondoi kafeini kwa kiasi cha kutajika. Ukipima kwa uzito, iliyokaangwa sana na iliyokaangwa kidogo zinakaribiana. Uchungu wa kahawa pia hautokani na kafeini pekee. Sehemu kubwa inatokana na vitu vingine vinavyozaliwa kwenye kukaanga. Maziwa na sukari navyo huficha ladha tu. Kahawa yenye maziwa mengi iliyotengenezwa kwa espresso mbili ina kafeini ya espresso mbili.

Kuhusu chai, majani makavu huwa na asilimia 2 hadi 4 ya kafeini, yaani kwa uzito yanaweza kuipita kahawa. Chai inakuwa nyepesi kwa sababu tunatia gramu 2 hivi tu kwa kikombe. Ukichemsha majani mengi kwa muda mrefu hadi chai ikawa nzito, usitegemee ile 47 ya kwenye orodha. Pia yapuuze maelezo kwamba ukimwaga maji ya kwanza baada ya sekunde 30 umeondoa kafeini yote. Sekunde hizo huchota sehemu tu, nyingine kubwa inabaki kwenye majani.

Vinywaji vya mitishamba kama tangawizi, mnanaa, mchaichai, rosela na chamomile havina kafeini, mradi havikuchanganywa na majani ya chai. Chai ya mate na mbegu za guarana, zote za mimea ya Amerika Kusini, ni kinyume chake, tena kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu guarana inaweza kuorodheshwa peke yake kana kwamba ni kiungo cha ladha tu. Ukiiona, jua kuna kafeini ya nyongeza. Kwenye kopo tafuta pia kipimo cha "kwa mililita 100", kisha zidisha kwa ujazo wote wa kopo. Kopo la mililita 500 lenye miligramu 32 kwa mililita 100 lina jumla ya 160, si 32.

Hatua ya 4: Jua kikomo chako

Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula, EFSA, ilitoa tathmini yake mwaka 2015: kwa mtu mzima mwenye afya, hadi miligramu 400 kwa siku nzima, na hadi 200 kwa mkupuo mmoja, hazileti wasiwasi wa kiusalama. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, nayo inataja 400 kwa siku. Hicho ni kikomo cha juu, si lengo la kulifikia. Mtu anayetetemeka mikono kwa miligramu 150 amekwisha kupata jibu kutoka kwa mwili wake, na jibu hilo lina uzito kuliko jedwali lolote.

Wajawazito wana hesabu yao. EFSA inaweka hadi miligramu 200 kwa siku, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha. Sababu ni nzito. Mimba inapokua, ini la mama huivunja kafeini polepole zaidi, hadi ule muda wa nusu unaweza kufika saa 15 katika miezi ya mwisho. Kafeini hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja. Matumizi makubwa yamehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Dada au mama mjamzito anayesoma hapa: kikombe kimoja cha kahawa ya kawaida kwa siku kiko ndani ya kikomo, ila ongeza juu yake chai na kola zote za siku hiyo kabla hujaridhika.

Kwa watoto na vijana EFSA ilitumia miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 30 anafika 90. Kopo moja dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu linakaribia kuimaliza hesabu yake yote, na kopo la mililita 500 linaipita mbali. Kwa maoni yangu, vinywaji hivi havifai kabisa kwa watoto. Mtoto aliyechoka anahitaji kulala.

Halafu yapo mambo yanayokibadili kikomo chako bila wewe kujua. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni huongeza muda wa kafeini kukaa mwilini hadi karibu mara mbili. Uvutaji wa sigara hufanya kinyume: moshi wa tumbaku huliharakisha ini, na mvutaji huimaliza kafeini haraka. Hapa kuna mtego unaoumiza watu wengi. Mvutaji anayeacha sigara anaendelea na vikombe vyake vile vile, kafeini inaanza kulundikana, naye anapatwa na wasiwasi, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika. Anadhani ni mwili unadai sigara, anairudia. Ukiacha sigara, punguza kafeini hadi nusu wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Panga saa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka kitandani

Hii ndiyo hatua iliyowasaidia watu wengi ninaowafahamu, na haikugharimu chochote.

Andika saa unayotaka kulala. Hesabu saa 8 kurudi nyuma. Hiyo ndiyo saa ya kikombe chako cha mwisho. Anayelala saa 4 usiku, kikombe chake cha mwisho kiwe saa 8 mchana.

Kama saa 8 zinaonekana nyingi mno, fanya hesabu. Umekunywa kahawa kubwa yenye miligramu 200 saa 9 alasiri. Kwa muda wa nusu wa saa 5, ifikapo saa 2 usiku bado una miligramu 100. Saa 7 usiku, ungali na 50, sawa na kikombe cha chai nyeusi. Hakuna anayejitengenezea kikombe cha chai saa 7 usiku akitarajia usingizi mnono, lakini hivyo ndivyo mwili unavyokuwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa nzima.

Wapo wanaosema, "Mimi nakunywa kahawa usiku na nalala fofofo." Huenda kweli wanalala upesi. Lakini kafeini hupunguza usingizi mzito hata kwa mtu asiyechelewa kusinzia, na mwenyewe hawezi kulihisi hilo kwa sababu amelala. Anachokiona ni asubuhi tu: anaamka hajashiba usingizi. Njia ya kujua ni kujaribu siku kumi bila kafeini baada ya mchana, kisha uangalie unavyoamka.

Ushauri unaozunguka siku hizi kwamba lazima usubiri dakika 90 baada ya kuamka ndipo unywe, una ushahidi hafifu. Ukipenda kikombe chako mara tu unapoamka, kinywe. Saa ya jioni ndiyo yenye madhara.

Kuhusu mlo: chai na kahawa hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yaliyo kwenye vyakula vya mimea. Hili si kosa la kafeini, ni la viambata vingine vilivyomo, na hata ile iliyotolewa kafeini hufanya hivyo. Aliyeambiwa ana upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, na anayemeza vidonge vyake, aache pengo la saa moja au zaidi kati ya mlo au kidonge na kikombe.

Hatua ya 6: Itumie pale inapofaa kweli

Dereva aliyeanza kusinzia asimame mahali salama, anywe kikombe kimoja au viwili vya kahawa, kisha alale papo hapo kwa dakika 15 hadi 20. Mpangilio huo ni wa makusudi: usingizi mfupi hupunguza adenosini, na kafeini inafika ubongoni wakati unaamka. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinashauri hivyo hivyo, vikombe viwili na usingizi wa angalau dakika 15. Tega kengele isipite dakika 20, la sivyo unaamka mzito. Na kama ni usiku wa manane na hujalala tangu asubuhi, hakuna kikombe kitakachokufanya salama barabarani. Lala.

Kwa kazi ya zamu ya usiku, kiasi kidogo kidogo hufaa kuliko kikombe kimoja kikubwa mwanzoni. Miligramu 50 hivi, yaani kikombe cha chai, kila baada ya saa 2 katika nusu ya kwanza ya zamu, kisha usimame. Anayetoka saa 12 asubuhi na kulala saa 2 asubuhi, akijaribu ile kanuni ya saa 8, anatakiwa aache saa 6 usiku. Akishindwa kabisa, basi saa 8 usiku iwe mwisho.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani ajue kwamba kafeini husaidia umakini, hasa kwa mtu aliyechoka, lakini kumbukumbu hutulia wakati wa usingizi. Kukesha kwa kahawa usiku wa kuamkia mtihani ni kubadilishana vibaya. Na siku ya mtihani si siku ya kuanza kinywaji usichokizoea.

Kwa wanamichezo, kiasi kilichochunguzwa sana ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, saa moja hivi kabla ya mazoezi. Anza na 3 au chini yake. Kwa mtu wa kilo 70, 3 kwa kilo ni miligramu 210, ambazo tayari zimepita kidogo kile kikomo cha mkupuo mmoja. Hadi mwaka 2004 kafeini ilikuwa ikidhibitiwa kama dawa ya kusisimua michezoni. Sasa inaruhusiwa, ingawa bado inafuatiliwa.

Usiichanganye na pombe. Kafeini haiondoi ulevi, inaondoa tu ile hali ya kusikia umelewa, na anayejiona mzima hunywa zaidi au hushika usukani.

Hatua ya 7: Ongea na daktari au mfamasia kama uko kwenye kundi hili

Antibiotiki ya siprofloksasini na dawa ya sonona iitwayo fluvoksamini huzuia ini kuivunja kafeini, hivyo kikombe kile kile kinakuwa kizito. Theofilini ya pumu ni ndugu wa karibu wa kafeini na madhara yake hujumlishana. Dawa ya tezi ya thairoidi, levothairoksini, haifyonzwi vizuri ikikutana na kahawa. Imeze kwa maji, subiri nusu saa hadi saa moja. Anayetumia lithiamu au klozapini, dawa za maradhi ya akili, asianze, asiongeze na asiache kafeini ghafla bila kumwambia daktari, kwani mabadiliko hayo huweza kubadili kiwango cha dawa kwenye damu.

Ukienda kupima shinikizo la damu, usinywe kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Kuna vipimo vya moyo vinavyotumia adenosini yenyewe, na hivyo hutaka uache kafeini kuanzia saa 12 hadi 24 kabla. Uliza mapema.

Wenye kiungulia, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na wenye maradhi ya wasiwasi hawakatazwi wote, ila wanapaswa kuanza chini na kujitazama. Hofu inayopanda kila siku saa moja baada ya kikombe inastahili kujaribiwa bila kikombe kabla haijatafutiwa kidonge.

Hatua ya 8: Usiguse kamwe kafeini ya unga

Nalisema kwa mkazo. Kafeini safi ya unga huuzwa mtandaoni kwa wanamichezo na wanafunzi. Kwa mujibu wa FDA, kijiko kimoja cha chai cha unga huo kinaweza kulingana na vikombe 28 vya kahawa, na miligramu 1,200 zikimezwa kwa haraka, yaani chini ya nusu kijiko, zinaweza kuleta degedege. Mizani ya jikoni haiwezi kupima kiasi kidogo hivyo kwa usahihi. Watu wamekufa.

Dalili za kuzidisha ni kutapika mfululizo, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, kutetemeka kwingi, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua na degedege. Mtu akiwa hivyo mpeleke hospitali mara moja, na uchukue kopo au pakiti ili wahudumu waone kilichomo. Kunywa maji mengi hakuifukuzi kafeini. Ini ndilo linaloiondoa, kwa mwendo wake.

Hatua ya 9: Kupunguza bila kuteswa na kichwa

Anayetumia kila siku akiacha ghafla, kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24, na hali huwa mbaya zaidi siku ya kwanza hadi ya pili. Huja pia uchovu, hasira za karibu, kukosa umakini, wakati mwingine kichefuchefu na misuli kuuma kama mtu mwenye mafua. Hudumu kati ya siku 2 na 9. Hii ni hali halisi ya mwili, imo hata kwenye mwongozo wa utambuzi wa maradhi wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013. Usimcheke anayeilalamikia.

Njia laini ni kupunguza robo kila wiki. Mwenye 400 ashuke hadi 300 wiki ya kwanza, 200 ya pili, 100 ya tatu. Anza na kikombe cha mwisho cha siku, kwa sababu ndicho kinachoharibu usingizi, na usingizi ukirudi, vikombe vya asubuhi vinapungua kwa urahisi zaidi. Cha asubuhi kiache mwisho.

Kama unachopenda ni ladha na joto la kikombe, changanya. Robo ya unga iwe kahawa iliyotolewa kafeini wiki ya kwanza, nusu ya pili, robo tatu ya tatu. Kumbuka kwamba iliyotolewa kafeini haijafika sifuri: vikombe vitano au sita vyake jioni vinaweza kukaribia espresso moja. Kichwa kikiuma sana, meza paracetamol ya kawaida, na usome pakiti kuhakikisha si ile yenye kafeini, la sivyo umejirudisha mwanzo.

Anayetarajia upasuaji au kipimo kinachotaka akae bila kula wala kunywa aanze kupunguza wiki mbili au tatu kabla. Vinginevyo ataamka na maumivu ya kichwa ya kukosa kafeini juu ya maumivu mengine.

Ukifika kiwango unachokitaka, kaa hapo wiki mbili kabla ya kuamua chochote. Baada ya hapo, kama utarudisha, rudisha kikombe kimoja tu, cha asubuhi, kilichopimwa, na uendelee kuandika kwenye lile daftari saa ulizolala.